Kulainisha Mwendo wa Kichwa cha Treni ya Mvuke cha Modeli Kinachoendeshwa Kidijitali

Malalamiko kuhusu vichwa vya mvuke vya modeli hufanana karibu kila mahali: kikienda kasi hakina neno, lakini kikipunguzwa mwendo hadi ule wa kuingia stesheni, kinaanza kushtuka, kinasita juu ya pointi (mahali reli zinapogawanyika kubadilisha njia), na wakati mwingine kinachechemea kama mtu mwenye kokoto kiatuni. Kwa kuwa ndani yake mna dekoda, yaani kifaa kidogo cha elektroniki kinachopokea amri kupitia reli na kuiongoza mota, na dekoda ina makumi ya namba zinazoweza kubadilishwa bila kufungua hata skrubu moja, mkono hukimbilia namba hizo kwanza. Nami nilikuwa na mazoea hayo kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Mwongozo huu unafuata njia ya kinyume, yaani unaanzia kwenye reli, unapanda hadi kwenye magurudumu, fito, gia na mota, ndipo unafika kwenye namba, kwa sababu dekoda huongoza kile tu inachokipata: umeme unaoifikia na mota inayoizungusha.

Inafaa kwanza kueleza kwa nini kichwa cha mvuke ni kigumu kutuliza kuliko kile cha dizeli. Modeli ya dizeli kwa kawaida huchukua umeme kwa magurudumu manane au kumi na mawili, nayo yamefungwa kwenye fremu mbili ndogo zinazoinamia reli kila moja kwa upande wake. Kichwa cha mvuke kina magurudumu makubwa machache yaliyoshikwa na fremu moja isiyopinda, hivyo reli ikiwa na mwinuko mdogo tu, gurudumu moja au mawili huning'inia hewani. Zaidi ya hayo, magurudumu hayo yameunganishwa kwa fito za nje, na fito ikikaza hata kwa unene wa unywele, mota huihisi.

Mfumo wa kidijitali nao umeongeza jambo lake. Katika mfumo wa zamani wa umeme wa mkondo mnyoofu, kukatika kwa umeme kwa muda mfupi sana kulimezwa na mzunguko wa mota na flaiwili yake, yaani gurudumu zito linaloendeleza mzunguko huo. Katika mfumo wa DCC, yaani mfumo wa kuongoza treni za modeli kwa amri za kidijitali, ambao viwango vyake husimamiwa na NMRA, chama cha reli za modeli cha Marekani, reli hubeba umeme na amri kwa pamoja: umeme hugeuzwa mwelekeo mara maelfu kwa sekunde, na urefu wa kila nusu ya mpigo ndio unaobeba maana, mikrosekunde 58 zikiwa ni moja, na 100 au zaidi zikiwa ni sifuri. Amri ikipotea si msiba, kwa kuwa kidhibiti huirudia tena na tena. Umeme wenyewe ukipotea ndipo shida inapoanza, maana prosesa iliyomo ndani ya dekoda huzimika na kulazimika kuanza upya, taa hupepesa, na kama kuna sauti, hukatika kisha ikaanza tena kana kwamba kichwa ndiyo kwanza kinawashwa moto.

Kusoma dalili kabla ya kushika bisibisi

Kazi hii ndiyo inayookoa muda mwingi kuliko zote, na ndiyo inayorukwa zaidi. Kiweke kichwa kwenye mzunguko wa reli bila mabehewa, kiwekee hatua 128 za mwendo badala ya 28, kisha kiendeshe kwa hatua ya chini kabisa kinayoweza kuhimili. Punguza mwanga chumbani ili uione vizuri taa ya mbele. Usiguse kitu. Kitazame kikizunguka mara tatu au nne, halafu kigeuze mwelekeo ukitazame tena.

Kikishtuka mahali palepale kila mara na taa ikapepesa, tatizo liko kwenye reli, si kwenye kichwa. Kikishtuka mahali popote bila mpangilio, na taa ikapepesa wakati huohuo, umeme haufiki sawasawa, hivyo kagua magurudumu na vile vipapasio, yaani vipande vyembamba vya shaba vinavyogusa nyuma ya magurudumu ili kuchukua umeme. Kikisita kwa mpangilio, mara moja kwa kila mzunguko wa gurudumu, huku taa ikiendelea kuwaka bila kutikisika, basi kuna kitu kinachokaza katika fito, pini (vijiti vya gurudumuni vinavyoshika fito) au gia. Ili kuhakikisha, weka alama ndogo ya chaki kwenye gurudumu moja kubwa na uangalie iko wapi kila kisito kinapotokea. Ikiwa kila mara iko juu, au kila mara iko nyuma, jibu umelipata. Kikisita mara nyingi zaidi kwa kila mzunguko, tena kwa haraka na kwa nafasi sawa, shuku meno ya gia.

Ipo dalili nyingine inayowachanganya watu: kichwa kushtuka mahali palepale ilhali taa haipepesi. Hapo aghalabu gurudumu linapanda kitu, kwa mfano kiungio cha reli kisicho sawa au sehemu ya pointi iliyo nyembamba mno. Chukua kalipa upime umbali kati ya migongo ya magurudumu mawili ya ekseli moja. Kwenye reli yenye upana wa milimita 16.5, inayotumiwa na modeli za HO za uwiano wa 1:87 na pia zile za OO za 1:76, umbali huo huwa karibu milimita 14.5. Ekseli moja ikiwa chini ya zile nyingine, gurudumu lake litagonga kila pointi itakayopita.

Reli

Hapa sitakaa sana, kwa sababu dawa inajulikana. Safisha reli kwa kitambaa kisichotoa nyuzi kilicholowekwa kidogo kwenye alkoholi ya isopropili, na uachane na msasa mkavu wa kukwaruza, kwani mikwaruzo inayobaki huhifadhi uchafu na kuufanya urudi upesi. Kila kipande cha reli kipate waya wake wa kulisha umeme badala ya kutegemea viunganishi vya chuma vinavyolegea kadiri siku zinavyokwenda. Pointi zenye kitovu cha plastiki, pale reli mbili zinapokatana, huwa ni kaburi la vichwa vifupi vyenye magurudumu manne au sita. Kama inawezekana, tumia pointi zenye kitovu cha chuma kinachopewa umeme unaobadilika kulingana na upande pointi ilikoelekezwa.

Jaribio moja tu ni la lazima. Chukua sarafu uiweke juu ya reli zote mbili, mahali palipo mbali kabisa na kidhibiti. Kidhibiti lazima kikate umeme papo hapo. Kisipokata, nyaya ni nyembamba mno au kuna kiungio kibovu, na siku kichwa kitakapoacha reli katika eneo hilo, mkondo wote utapita kwenye vipapasio na nyaya zake nyembamba hadi plastiki iyeyuke.

Magurudumu na vipapasio

Magurudumu husafishwa kwa njia rahisi kuliko inavyodhaniwa. Tandika kitambaa kilicholoweshwa alkoholi juu ya reli, weka nusu ya magurudumu juu ya kitambaa na nusu juu ya reli tupu, ushike kichwa kwa mkono kisiondoke, kisha ukiendeshe kwa mwendo wa wastani. Magurudumu yaliyo kwenye reli huchukua umeme, na yale yaliyo kwenye kitambaa hujisugua yenyewe. Geuza, urudie. Mistari myeusi itakayobaki kitambaani ni ushahidi tosha. Gurudumu lenye raba ya kuongeza mshiko lisisuguliwe kwa nguvu, na likumbukwe pia kwamba gurudumu hilo halichukui umeme hata kidogo.

Baada ya hapo pima kipapasio kimoja kimoja. Weka maltimita kwenye kipimo cha ukinzani, ncha moja iguse gurudumu na nyingine iguse waya unaoingia kwenye dekoda: waya mwekundu kwa magurudumu ya upande wa kulia, mweusi kwa ya kushoto, kama rangi za kiwango zinavyotaka. Zungusha gurudumu polepole kwa kidole, halafu lisukume kushoto na kulia kadiri ekseli inavyoruhusu, huku ukitazama kama usomaji unaruka. Mara nyingi utakuta gurudumu la kati limepewa nafasi kubwa ya kucheza kando ili kichwa kipite kwenye kona, na kipapasio chake hakilifuati linapoondoka. Kikunje kwa kibano kidogo kidogo mpaka kiguse katika nafasi zote. Kiguse kwa wepesi, kwani kipapasio kinachokandamiza hugeuka kuwa breki, na vipapasio sita vinavyokandamiza huweza kuisimamisha mota ndogo katika hatua za chini.

Ikiwa behewa la makaa na maji halichukui umeme, liongezee. Hakuna badiliko jingine la bei nafuu linaloleta tofauti kubwa kiasi hicho, kwa sababu magurudumu sita au manane ya behewa hilo huwa mbali na yale ya kichwa, na ni nadra pande zote mbili kupoteza reli kwa wakati mmoja. Nyaya zinazounganisha behewa na kichwa ziwe laini sana na ziwe na ulegevu wa kutosha. Waya mgumu huliinua behewa upande mmoja likaacha reli kila kona inapofika. Uzito nao usisahauliwe: risasi au madini mengine mazito yakiwekwa ndani ya boila, mizani ya kichwa iwe katikati ya magurudumu yanayoendesha, si mbele wala nyuma yake.

Fito, pini na gia

Hapa ndipo penye moyo wa kichwa cha mvuke, na hapa ndipo nilipopotezea wiki nzima. Nilikuwa na kichwa kidogo chenye magurudumu sita yaliyounganishwa, kilichokuwa kikichechemea kwa kwenda mbele tu. Nilibadilisha namba za dekoda usiku baada ya usiku, nikaziandika, nikazifuta, nikaandika nyingine. Mwendo ulikuwa ukipata nafuu kwa dakika kumi, kisha mota ikipata joto kilema kinarudi. Mwishowe nilifungua fito ya upande wa kulia nikaitazama kwa lenzi: ndani ya tundu la katikati, upande wa nyuma usioonekana, palikuwa na unyoya wa chuma uliobaki kiwandani tundu lilipotobolewa, mdogo kuliko chembe ya sukari. Niliukwangua kwa ncha ya sindano. Kazi yenyewe haikuzidi nusu dakika.

Utaratibu niliouokota katika mkasa huo ndio huu. Ondoa bodi, yaani gamba la nje, kisha itenge mota na magurudumu kwa kuifungua au kwa kuondoa gia inayounganisha. Weka fremu juu ya kioo au ubao laini, uinue upande mmoja taratibu. Fremu iliyo sawa huteremka yenyewe, polepole, bila kituo. Ikigoma, ondoa fito za pistoni pamoja na mitambo yote ya vali, ukiacha zile tu zinazounganisha magurudumu, kisha ujaribu tena. Ikiteremka sasa, kosa liko kwenye ulivyoondoa: pistoni inayogusa ukuta wa silinda, fito iliyopinda, au ule mkono mdogo wa mitambo ya vali uliokazwa kwa pembe mbaya ukagonga fito nyingine. Ikiendelea kugoma, kosa liko kwenye fito zenyewe, pini au magurudumu.

Pini za upande wa kulia na za upande wa kushoto hupangwa kwa tofauti ya nyuzi 90, ili upande mmoja unapokuwa mwisho wa safari yake, mwingine uwe katikati. Kwenye modeli, usahihi wa nyuzi 90 zenyewe si jambo kubwa. Ekseli zikiwa na 88 zote, kichwa kitakwenda vizuri. Kinacholeta matata ni ekseli moja kuwa tofauti na wenzake, jambo linalotokea gurudumu linapoteleza kidogo juu ya ekseli yake. Kulibaini, fungua fito za jozi moja ya magurudumu kwa wakati, ukiacha nyingine, uone ni jozi ipi inapoondolewa mambo yanalainika. Kabla ya kuligeuza gurudumu, ambalo ni jambo la kufanya kwa tahadhari kubwa, hakikisha tundu la fito halijabana. Tundu lililobana hupanuliwa kwa ncha ya kekee iliyozidi kidogo tu, ikizungushwa kwa vidole na si kwa mashine, na baada ya kila mizunguko miwili jaribu tena. Ulegevu mdogo katika tundu hauonekani kwa jicho na haudhuru; fito iliyobana haina msamaha.

Gia nazo zina tabia yake. Skrubu ya gia iliyo kwenye shafti ya mota ikiwa na nafasi ya kwenda mbele na nyuma, kichwa kitapanda mlima kwa utulivu na kuteremka kwa kurukaruka, kwa sababu uzito wa treni unaisukuma skrubu mbele, inarudi, inasukumwa tena. Ongeza washa (pete) nyembamba kwenye shafti hadi mchezo huo ubaki kidogo sana, ila usiumalize kabisa. Meno yanapokutana pia paachwe nafasi ndogo: ukishika shafti na kutikisa gia kwa ncha ya kidole, usikie mchezo mdogo.

Mafuta yawe machache. Tone moja dogo kutoka kwenye ncha ya sindano linatosha kila beringi na kila pini, na grisi isiyodhuru plastiki ipakwe kwenye meno ya gia. Mafuta yanayozidi huteleza hadi kwenye magurudumu, yakachanganyika na vumbi, na ukajikuta umerudi kwenye hatua ya kusafisha.

Mota

Kabla ya kufunga dekoda kwenye kichwa kisichokuja nayo, pima kati ya kila ncha ya mota na fremu, na kati ya kila ncha na magurudumu. Pasiwe na mawasiliano yoyote. Mota ipokee umeme kutoka kwenye dekoda peke yake, kwa nyaya za rangi ya chungwa na kijivu. Ncha moja ikigusa fremu inayobeba umeme wa reli, dekoda huungua mara umeme unapowashwa, na harufu yake haisahauliki. Kisha ipe mota volti 12 za mkondo mnyoofu, ishike shafti isizunguke kwa sekunde moja tu, na usome mkondo inaovuta. Mkondo huo lazima uwe chini ya kile dekoda inachoruhusu kwa muda mfupi, ambacho kwa dekoda nyingi za HO ni kati ya ampea 1 na 2. Mota ya zamani inayovuta zaidi huenda ina komuteta, yaani silinda ya shaba inayoguswa na brashi za mota, iliyojaa masizi. Isafishe kwa alkoholi, na isipopona, ibadilishe.

Angalia pia kama kuna kapasita ndogo iliyolehemiwa kati ya ncha mbili za mota ili kuzuia mwingiliano wa redio. Kwenye vichwa vilivyotengenezwa enzi za mfumo wa zamani zimo karibu daima, nazo huipotosha dekoda inapopima mota. Mafundi wengi huziondoa, nami hufanya hivyo.

Kichwa kipya, au kilichofunguliwa na kufungwa upya, kiendeshwe nusu saa kwa kila mwelekeo kwa mwendo wa kati bila mzigo, ili brashi za mota zipate umbo la komuteta na gia zizoeane. Kurekebisha namba kabla ya zoezi hili ni sawa na kupima nguo kwa mtoto anayekua.

Namba za dekoda

Sasa namba. Mipangilio ya dekoda huhifadhiwa katika visanduku vinavyoitwa CV, kila kimoja kikiwa na namba yake. Nukuu kwanza kwenye karatasi anwani ya kichwa, yaani namba ambayo kidhibiti hukiitia, kisha rudisha dekoda kwenye hali ya kiwandani. Kwa dekoda nyingi hufanywa kwa kuandika 8 kwenye CV 8. Weka CV 3 na CV 4, zinazoamua uchelewaji wa kuongeza na kupunguza mwendo, ziwe sifuri kwa muda, ili unachokiona kiwe ni tabia ya mota na si ya uchelewaji huo. Kwenye CV 29 zima ruhusa ya kuendeshwa kwa umeme wa zamani, maana ikiachwa, dekoda iliyopoteza amri kwa kitambo huweza kudhani imewekwa kwenye reli ya mfumo ule na kuondoka kwa kasi yote.

Dekoda za kisasa huongoza mota kwa kuipa umeme vipande vipande, na kati ya vipande hivyo husimama kidogo ili kupima umeme unaozalishwa na mota yenyewe inapozunguka, kwa kuwa mota inayozunguka ni jenereta. Umeme huo ukishuka, dekoda inajua mwendo umepungua, nayo inaongeza nguvu. Kila mtengenezaji ana CV zake za kurekebisha ukali wa mwitikio huo. Kwenye dekoda nyingi za kampuni ya ESU kuna njia ya kujipima: weka kichwa mahali penye reli ndefu isiyo na kizuizi, andika sifuri kwenye CV 54, bonyeza kitufe cha F1 cha kidhibiti, nacho kichwa kitachupa kwa kasi yote kwa muda mfupi na kujiandikia namba zake. Nimeona njia hiyo ikitoa matokeo mazuri mara nyingi kuliko kubahatisha kwa mkono, lakini ikifanyiwa kichwa ambacho fito zake zinakaza, dekoda hukariri kilema hicho na kukifanya ndiyo hali ya kawaida.

Ukilazimika kurekebisha kwa mkono, badilisha namba moja tu kwa wakati. Mwitikio ukiwa mkali mno, kichwa hutetemeka na mota hutoa mngurumo hata kikiwa karibu kusimama. Ukiwa mlegevu mno, kichwa husimama kikikuta kona au mlima, kisha kikaondoka kwa kuruka. Punguza mpaka mtetemo uishe, halafu ongeza hatua mbili tatu. Mota zisizo na kiini cha chuma, ambazo ni nyepesi na za haraka, zinahitaji mwitikio mpole na vipande vya umeme vya masafa ya juu, zaidi ya kiloherzi 16. Masafa ya chini huzipasha moto.

CV 2 huamua umeme wa hatua ya kwanza. Anza na sifuri, weka kidhibiti kwenye hatua ya 1 kati ya 128, uongeze moja moja hadi magurudumu yaanze kuzunguka bila kukoma, kichwa kikiwa kimeshapata joto la kawaida. Kwa CV 5, ambayo ni mwendo wa juu, usikisie: pima. Katika uwiano wa 1:87, kilomita 60 kwa saa ni sentimita 19 hivi kwa sekunde, kwa hiyo mita moja ya reli inapaswa kupitwa kwa takriban sekunde 5.2. Kichwa cha kupanga mabehewa chenye mwendo wa juu wa kilomita 40 kwa saa kinastahili kuichukua mita hiyo karibu sekunde 7.8. Vichwa vingi hutoka kiwandani vikiwa na kasi maradufu ya hiyo, na kuipunguza kuna faida mbili, kwani hatua zote 128 hugawanywa upya ndani ya mwendo unaouhitaji, na upole wa hatua za chini huongezeka. CV 6, mwendo wa kati, iweke chini kidogo ya nusu ya CV 5 ikiwa unapenda kukaa sana kwenye mwendo wa polepole.

Ndipo urudishe CV 3 na CV 4. Kwa mujibu wa kiwango, thamani ya CV 3 ikizidishwa kwa 0.896 hutoa sekunde za kutoka kusimama hadi mwendo wa juu, hivyo 20 ni karibu sekunde 18. Baadhi ya watengenezaji hutumia kizidisho chao, kwa hiyo shika saa. Kichwa cha treni nzito ya mizigo kinapendeza kikichukua muda mrefu. Cha kupanga mabehewa kikichukua muda huo huchosha, na huishia kugonga mabehewa.

Akiba ya umeme

Kapasita za akiba nimeziweka karibu na mwisho kwa makusudi, kwa sababu huficha karibu kila kosa la kipapasio na la reli. Zikifungwa kwenye kichwa kilichokwisha kurekebishwa, hukifanya kipite juu ya pointi chafu bila hata taa kupepesa. Kapasita kubwa za volti 2.7 na faradi 1 kila moja zinaweza kupangwa sita kwa mfululizo, zikavumilia volti 16.2 na kubaki na faradi 0.167. Kwa kichwa kinachovuta ampea 0.15, kushuka kutoka volti 15 hadi 8 huchukua sekunde 7 na ushei, muda ambao ni zaidi ya mahitaji.

Hata hivyo, zisiunganishwe moja kwa moja bila kinga. Zinapochajiwa kwa mara ya kwanza huvuta mkondo mkubwa hadi kidhibiti kikadhani nyaya zimegusana, na ndiyo maana huwekwa rezista ya omu 100 hivi katika njia ya kuchajia, pamoja na dayodi inayoruhusu umeme utoke bila kupitia kwenye rezista hiyo. Huunganishwa kwenye waya wa buluu wa dekoda, ambao ni chanya ya pamoja, na kwenye hasi ya ndani ya dekoda, kamwe si kwenye reli. Ukikosea chanya na hasi, kapasita hupasuka. Dekoda zenye nafasi maalumu ya kuunganishia akiba ni salama zaidi kwa anayeanza, na volti inayovumiliwa na kapasita isiwe chini ya ile inayotoka kwenye dekoda. Weka pia swichi ndogo au plagi ya kuzitenga, kwa kuwa kusoma CV kwenye reli ya kuprogramu mara nyingi hushindikana zikiwa zimeunganishwa.

Sauti

Kama dekoda ina sauti, kipigo cha moshi kilinganishwe na magurudumu baada ya mambo mengine yote kukamilika, kwani kila badiliko la CV 2 au CV 5 hukivuruga. Kichwa cha silinda mbili hutoa vipigo vinne kwa kila mzunguko wa gurudumu linaloendesha, na cha silinda tatu zilizopangwa kwa nafasi sawa hutoa sita. Gurudumu la milimita 18 lina mzingo wa milimita 56.5, kwa hiyo kichwa cha silinda mbili kinapaswa kusikika mara moja kwa kila milimita 14 hivi za reli. Kiendeshe kwa hatua ya chini, tazama ile alama ya chaki uliyoiweka mwanzoni, uhesabu vipigo hadi irudi juu. Vikiwa vitatu, punguza muda kati ya vipigo katika CV ambayo mwongozo wa dekoda umeitaja; vikiwa vitano, uongeze. Rudia kwa mwendo wa kati, kisha futa chaki.